KIDONGE AU SUPU YA KONGORO? Mama asilazimishwe kuchagua kimoja

1/7 SWALI LENYEWE

Mada ya leo ni ndefu, nimeigawa vipande saba. Ukichoka hifadhi, urudi watoto wakilala.

Kuna swali linanifikia karibu kila wiki, kwenye meseji na hata pale wodini wakati wa kuona wagonjwa. Linakuja hivi: "Nesi, mama yangu kaambiwa mifupa imekuwa myepesi, kaandikiwa kidonge cha kumeza mara moja kwa wiki. Jirani anasema vidonge hivyo vinaua figo, bora supu ya kongoro, unga wa mlonge na dawa ya mizizi. Nifuate lipi?"

Nasema msimamo wangu mapema, usije ukasoma hadi mwisho unautafuta. Chakula, jua na mazoezi ni vya kila mtu nyumbani, kuanzia mtoto hadi bibi. Dawa ya hospitali ni ya yule ambaye mfupa wake umeshaonyesha kwamba unavunjika kirahisi, au vipimo vimeonyesha uko karibu kufika huko. Hivi viwili havigombani, vinakaa nyumba moja bila shida. Ninachokipinga ni mama aliyeshavunjika kunyang'anywa dawa, halafu kuachiwa supu peke yake.

2/7 MFUPA NI KIBUBU

Mfupa sio nondo ya ukutani, ukishawekwa basi umekaa hivyo. Mfupa ni kitu hai. Kila siku kuna sehemu inabomolewa na nyingine inajengwa. Ukiwa mtoto na kijana, ujenzi unazidi ubomoaji, yaani unaweka akiba kwenye kibubu. Ukifika karibu miaka 30, kibubu kimejaa kadiri kitakavyojaa. Baada ya hapo unaanza kula akiba taratibu.

Kwa mwanamke kuna kipindi kibubu kinavuja kwa kasi. Hedhi ikikoma, homoni ya estrojeni iliyokuwa inalinda mifupa inashuka. Katika miaka 5 hadi 7 ya mwanzo, mwanamke anaweza kupoteza hadi asilimia 20 ya uzito wa mifupa yake. Ugonjwa unaotokana na hali hiyo kitaalamu unaitwa osteoporosisi.

Ubaya wake ni kwamba hauumi. Mama anapika, anauza vitumbua, anaenda msibani, huku ndani mfupa umekuwa kama ubao ulioliwa na mchwa: nje rangi ipo, ndani patupu. Habari inakuja siku ukivunjika.

Kwa hiyo angalia dalili hizi kwa mama au mama mkwe wako:

- Amepungua kimo. Dera lililokuwa linamtosha sasa linaburuta mbele, kwa sababu mgongo umeanza kupinda.
- Aliinua ndoo ya maji, mgongo ukamshika ghafla, na maumivu hayajaisha kwa wiki kadhaa.
- Alivunjika kifundo cha mkono au nyonga kwa kuanguka tu kutoka alipokuwa amesimama. Hii ndiyo kubwa kuliko zote. Mfupa mzima wa mtu mzima hautakiwi kuvunjika kwa kuteleza jikoni.

Na tutenganishe mambo mawili yanayochanganywa sana mtaani. Goti linalouma, linalovimba, linalolia ukiinuka, mara nyingi hilo ni tatizo la maungio. Sio mifupa myepesi. Muuzaji anayekwambia kopo lake moja linatibu magoti, mgongo, ganzi na mifupa myepesi kwa pamoja, ujue hapo hakuna ugonjwa aliokusudia. Anakusudia pochi yako.

3/7 VYA ASILI: KIPI KINASAIDIA, NA KWA KIASI GANI

Sitaki mtu aseme nesi anadharau vyakula vyetu. Mimi mwenyewe nakula dagaa, na nitakwambia kwa nini. Tuvipime kimoja kimoja.

Dagaa. Hawa ndio namba moja kwangu. Unawala na mifupa yao, na kalsiamu iko humo kwenye mifupa. Samaki mkubwa ambaye mfupa wake unautupa hakupi hesabu hiyo hiyo. Dagaa wa Mwanza, wa Kigoma, wa baharini, wote sawa. Waoshe mchanga vizuri, na kwa mtoto mdogo unaweza kuwasaga ukachanganya kwenye uji au mboga.

Maziwa na mtindi. Kikombe kimoja cha mililita 250 kina kalsiamu kama miligramu 300. Mwanamke mtu mzima anahitaji kama miligramu 1,000 kwa siku, na akivuka miaka 50 kama 1,200. Sasa piga hesabu. Chai ya maziwa kikombe kimoja asubuhi, ambayo nusu yake ni maji, haifiki mbali.

Supu ya kongoro na ya mifupa. Hapa wengi mtanikasirikia. Supu ni tamu, inampa hamu ya kula mtu aliyechoka, na zile nyama za kongoro zina protini. Lakini kalsiamu ya mfupa haiyeyuki kirahisi kwenye maji ya moto. Mwaka 1934 watafiti wa London waliipima supu ya mifupa kwa sababu kina mama wa huko nao walikuwa wanaisifia kwa watoto. Walikuta kalsiamu yake ni kidogo sana ukilinganisha na maziwa. Kwa hiyo mnyweshe mama supu afurahie, ila usiihesabu kama dawa.

Mlonge. Majani yake yana kalsiamu kweli. Shida ni kipimo. Kijiko kimoja cha unga kwenye uji ni nyongeza nzuri ya chakula, lakini hakijazi pengo la siku nzima. Mchicha nao una kalsiamu, ila una vitu vinavyoizuia isiingie vizuri mwilini. Kula mchicha kwa faida zake nyingine, usiutegemee kwa mifupa.

Jua. Ngozi ikipigwa na jua inatengeneza vitamini D, na bila hiyo kalsiamu unayokula haiingii vizuri mwilini. Mwaka 2012 ulitoka utafiti uliofanyika hapa hapa Tanzania kwa Wamasai na Wahadzabe wanaoishi maisha yao ya asili, nje muda mwingi. Wastani wa vitamini D kwenye damu yao ulikuwa nanomoli 115 kwa lita. Wataalamu wengi wanaona 50 tayari inatosha kwa mifupa. Kwa hiyo ngozi nyeusi inaweza kabisa kutengeneza vitamini D ya kutosha, mradi itoke nje. Sasa mfikirie bibi aliyeletwa Dar kutoka kijijini akae na wajukuu. Kule alikuwa shambani kutwa. Hapa amefungiwa ndani ya geti Mbezi au chumba kimoja Tandika, jua analiona dirishani. Jua la dirishani halimsaidii, kioo kinazuia ile mionzi inayotengeneza vitamini. Mtoe nje, mikono na miguu ipate jua muda mfupi kila siku.

Mazoezi. Mfupa unaimarika ukibebeshwa kazi. Kutembea, kupanda ngazi, kucheza ngoma, kusimama na kukaa kwenye kiti mara kumi bila kushika. Lakini angalizo: kwa mama ambaye uti wa mgongo umeshadhoofika, ndoo ya lita 20 ni hatari, sio mazoezi. Mjukuu aibebe.

Jumla yake ni hivi. Vitu hivi vinajaza kibubu cha kijana, na vinapunguza kasi ya kuvuja kwa mtu mzima. Kwa mama ambaye ameshavunjika, vinahitajika pia, ila peke yake havitoshi kuuzuia mvunjiko mwingine.

4/7 KIDONGE: FAIDA YAKE NA MADHARA YAKE, BILA KUFICHA

Dawa inayoandikwa sana kwa tatizo hili inaitwa alendroneti, miligramu 70 mara moja kwa wiki. Kazi yake ni kuwapunguza kasi wale wabomoaji wa mfupa. Ipo pia ya dripu, asidi ya zoledroniki, inayowekwa mara moja kwa mwaka.

Inasaidia kiasi gani? Mwaka 1996 ulitoka utafiti mkubwa wa Marekani kwa wanawake 2,027 ambao tayari walikuwa na mvunjiko kwenye uti wa mgongo. Nusu walipewa alendroneti, nusu kidonge kisicho na dawa. Baada ya karibu miaka 3, kati ya wanawake 1,005 wasiopata dawa, 22 walivunjika nyonga. Kati ya 1,022 waliopata dawa, 11. Nusu yake.

Nazitoa namba zenyewe makusudi. Atakayekwambia "dawa inapunguza nyonga kuvunjika kwa nusu" hajakudanganya, na atakayekwambia "wengi hawavunjiki hata bila dawa" naye hajakudanganya. Ndiyo maana dawa hii hapewi kila mwenye miaka 55. Anapewa aliye kwenye hatari kubwa, na kwake faida inazidi madhara.

Madhara sasa, maana ndiyo yanayosambazwa kwenye magrupu.

"Inaua figo." Uvumi huu una kaukweli kadogo kaliopinduliwa. Mtu ambaye figo zake zimeshachoka sana hatakiwi kupewa. Ndiyo maana figo zinapimwa kwanza, kipimo cha kreatinini. Uliza: mama kapimwa?

"Inachoma koo na tumbo." Kweli, hasa ikimezwa vibaya. Na hapa sisi wahudumu tuna la kujibu: mama anapewa karatasi, anaambiwa "meza kila wiki", anaondoka. Imezwe hivi: asubuhi kabla ya kula chochote, na glasi nzima ya maji ya kawaida. Sio chai, sio maziwa, sio juisi. Baada ya hapo nusu saa akae wima au atembee, asilale, asile. Ikimezwa na chai ya maziwa inakuwa kama hajameza kitu, kwa sababu dawa haiingii mwilini. Mchagulieni siku isiyosahaulika, mfano Jumapili kabla ya ibada, au Ijumaa baada ya swala ya alfajiri, na asirudi kitandani. Vidonge vya kalsiamu kama anavyo, vimezwe baadaye siku hiyo.

"Inaozesha taya." Lipo tatizo la mfupa wa taya, ni nadra, na limeonekana zaidi kwa wagonjwa wa saratani wanaopewa dozi kubwa za dripu. Kama mama ana jino bovu la kung'oa, ling'olewe kabla ya kuanza.

"Inavunja paja." Nalo lipo, ni nadra sana, hutokea kwa waliotumia miaka mingi. Mama akianza maumivu mapya ya paja au kinena, mwambieni daktari. Kwa sababu hiyo hiyo dawa haimezwi maisha yote bila kuangaliwa. Baada ya kama miaka 5 ya vidonge, daktari hukaa na mgonjwa kuamua kama apumzike au aendelee.

5/7 "ASILI" SIO CHETI CHA USALAMA

Siko kwenye kundi linalosema tiba asili ni ujinga. Dawa mseto ya malaria, ALu, tunayowapa watoto wetu, chanzo chake ni mmea uliotumika kwenye tiba asili ya China. Muhimbili kuna watafiti wa tiba asili tangu mwaka 1974. Nchi yetu ina Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002, na Baraza linalosajili watoa tiba na dawa zao. Mganga anayeheshimu kazi yake hakosi pa kusajiliwa.

Ninaogopa vitu viwili.

Cha kwanza ni unga usiojulikana una nini. Katika nchi mbalimbali zimekamatwa "dawa za asili" za maungio zilizochanganywa kwa siri na steroidi, dawa kama prednisoloni na deksamethasoni. Ndiyo maana bibi anakunywa siku mbili anaruka kama kijana, watu wanapiga vigelegele. Sasa sikia jambo lenyewe: steroidi zikitumika muda mrefu ni miongoni mwa sababu kubwa za mifupa kuwa myepesi. Umemnunulia mama dawa ya mifupa, kumbe unamla mifupa. Ukiona unga umeondoa maumivu kimiujiza, uso wa mama umeanza kuvimba mviringo, sukari au presha imepanda, mpeleke hospitali na kopo lake mkononi. Asiache ghafla mwenyewe, kuacha steroidi ghafla nako kunaweza kumwangusha.

Na kina dada mnaonunua deksamethasoni dukani ili mnenepe, hii inawahusu pia. Kibubu chenu kinatobolewa mapema.

Cha pili ninachoogopa ni kuacha dawa. Mnakumbuka mwaka 2011, kikombe cha Babu wa Loliondo? Mchungaji Mwasapila, kijiji cha Samunge, kikombe shilingi 500. Watu walitoka nchi nzima na nje ya nchi. Bei ilikuwa ndogo na kikombe chenyewe ni kimoja. Hasara kubwa ilikuwa kwa wale waliorudi nyumbani wakaacha ARV na dawa za sukari wakiamini wamepona. Mtindo ule haujaisha, umehamia tu kwenye makopo na magrupu ya simu.

Kwa hiyo muulize muuzaji maswali matatu: kimesajiliwa wapi, ndani kuna nini, na kama mama aendelee na dawa za hospitali. Akisema "aache zote kwanza", funga mlango.

Na hela ni hiyo hiyo moja. Chukua karatasi, andika bei ya kopo kwa mwezi. Pembeni andika bei ya vidonge vinne vya alendroneti, na ukifika famasi sema unataka ya jina la dawa, sio lazima ya kampuni fulani. Chini yake andika dagaa na maziwa ya mwezi. Linganisha mwenyewe, mimi nisikwambie.

6/7 DAWA YA TATU IKO NYUMBANI

Nyonga nyingi zinavunjika kwa sababu mtu kaanguka. Usipoanguka, hata mfupa mwepesi unabaki mzima. Pita nyumbani kwako leo ukiwa na macho ya bibi:

- Sakafu ya bafuni inateleza? Weka mkeka wa mpira na kishikio ukutani.
- Choo cha nje usiku kina taa? Kama hakina, kopo la haja chumbani sio aibu.
- Ndala zake zimeisha soli? Nunua nyingine.
- Macho anaona? Mtoto wa jicho unatibika.
- Dawa za presha zinampa kizunguzungu akiamka? Mwambie daktari.

Na akianguka akashindwa kusimama, mguu ukaonekana mfupi au umegeukia nje, msimkande. Msimpake mafuta, msimwite fundi wa kuunga mifupa kwanza "tuone wiki hii". Mlazeni, msimvute mguu, mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo. Nyonga iliyovunjika mara nyingi inahitaji upasuaji, na kila siku ya kulala kitandani inaleta vidonda vya mgongoni, homa ya mapafu na damu kuganda miguuni. Hata nchi tajiri, kama mtu mmoja kati ya watano waliovunjika nyonga uzeeni hafikishi mwaka. Nimewageuza kina mama hawa kitandani kila baada ya masaa mawili, najua wanavyolia. Na mara nyingi anayekaa pembeni ni binti yake, mtoto mchanga mgongoni, biashara imefungwa.

7/7 NA WEWE MAMA KIJANA

Umesoma hadi hapa ukidhani ni habari ya bibi. Hapana. Kibubu chako bado kinapokea, au ndio kwanza kimejaa.

Ukinyonyesha, mifupa yako hupungua kidogo kumpa mtoto kalsiamu, kisha hurudi ukimwachisha. Usiogope kunyonyesha, ila kula. Sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu nayo hupunguza uzito wa mifupa kiasi unapoitumia, na sehemu kubwa hurudi ukiacha. Shirika la Afya Duniani halimkatazi mwanamke wa miaka 18 hadi 45 kuitumia kwa sababu hiyo, kwa hiyo usiikimbie kwa uvumi ukaishia na mimba hujaipanga. Kama unatumia ARV zenye tenofovia, zinaweza kupunguza mifupa kidogo. Usiache hata siku moja, zungumza na daktari wako.

Watoto watoke nje wacheze juani, wale dagaa, wanywe maziwa mnapoweza. Mtoto wa kushinda ndani na runinga anakosa jua, na matege yanaanzia huko.

Kwa mama yako, siku ya kliniki nenda na maswali haya yameandikwa: Hatari yake ya kuvunjika ni kubwa kiasi gani? Anahitaji kipimo cha uzito wa mifupa, na kinapatikana wapi? Figo na kalsiamu zimepimwa? Atameza dawa kwa muda gani, na nani atamwangalia? Taja na kila unga na mzizi anaotumia, bila aibu. Akikugombeza mhudumu kwa kutaja mizizi, kosa ni lake, sio lako.

Ukirudi nyumbani mpikie supu yake. Siku ya kidonge ameze kidonge chake na maji, akae nusu saa, ndipo anywe chai na vitumbua.

Mtumie ndugu yako anayeishi na mama. Maswali andika hapa chini, nikitoka zamu nitajibu.